Mjusi wa Tendaguru: ni Brachiosaurus au Giraffatitan?

Swali: Nafundisha Biolojia sekondari mkoani Lindi. Kitabu tulicho nacho maktabani kinasema mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria wa shingo ndefu ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin, anaitwa Brachiosaurus brancai. Wanafunzi waliotazama kwenye simu wananiambia ni Giraffatitan. Lipi sahihi, na nani mwenye mamlaka ya kubadili? Halafu binti mmoja akauliza: kwa nini mnyama wa kwetu abebe jina la Mjerumani, hatuwezi kumpa jina letu? Na akiokota yeye mfupa, anaruhusiwa kuupa jina?

Jibu: Mwalimu, salaam. Ubaoni andika *Giraffatitan brancai*. Wanafunzi wako wana haki, na kitabu chako nacho hakikudanganya; kimepitwa na mjadala tu. Nasema mjadala kwa sababu hakuna kikao kilichokaa wala kura iliyopigwa. Mtu mmoja aliandika hoja zake mwaka 2009, wenzake wakazipima, wengi wakaridhika. Basi. Anayetaka kuendelea kuandika Brachiosaurus hakamatwi na mtu, ila atatakiwa ajibu hoja hizo.

Wengi huchanganya mambo mawili hapa. Jina la mnyama lina sehemu mbili, na kila sehemu inaendeshwa kivyake. *Brancai* ni jina la spishi. Hilo halijaguswa tangu 1914, na halitaguswa. Lililobadilika ni jina la mbele, la jenasi, ambalo linatueleza mnyama huyu ni wa ukoo gani, na ukoo ni suala la maoni ya kitaalamu. Maoni yakibadilika, jina la mbele nalo linabadilika. La nyuma linabaki pale pale kwa sababu limefungwa kwenye mfupa.

Nalo hilo la kufungwa kwenye mfupa si lugha ya picha. Kila spishi inapotangazwa, mtangazaji anataja kielelezo fulani chenye namba, kilichohifadhiwa mahali panapojulikana, na kuanzia siku hiyo jina ni mali ya kielelezo hicho. Lichukulie kama hati ya kiwanja: majirani wanaweza kugombana miaka hamsini kuhusu mipaka ya mtaa, lakini hati inataja kiwanja namba fulani, na kiwanja hakihami. Kwa *brancai*, kielelezo hicho ni mifupa iliyopewa alama S II kule machimboni Tendaguru, ambayo leo iko kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin.

Ili uwaeleze vizuri wanafunzi, inabidi turudi mwanzo, maana Tendaguru ilianza na fujo ya majina hata kabla huyu wa Berlin hajachimbwa.

Habari za mifupa zilifika mbali kupitia kwa Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikitafuta madini kusini. Mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas, mtaalamu kutoka Stuttgart. Kumbuka ni mwaka gani huo. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vinazimwa, na vijiji vya kusini vilikuwa vimechomwa mashamba na kushikwa na njaa. Fraas alichimba kidogo, akaondoka na mifupa ya wanyama wawili wakubwa, na mwaka 1908 akawatangaza: *Gigantosaurus africanus* na *Gigantosaurus robustus*.

Jina zuri; tatizo ni kwamba tayari lilikuwa na mwenyewe. Mwingereza Harry Seeley alikuwa amelitumia tangu 1869 kwa mifupa ya Uingereza. Kanuni ya majina ya wanyama haina huruma katika hili: jenasi mbili za wanyama haziwezi kuwa na jina moja, na wa kwanza ndiye mwenye haki. Hata jina la mwanzo likiwa limelala, halina anayelitumia, haliwi wazi kwa mtu mwingine. Kwa hiyo mwaka 1911 Richard Sternfeld akatoa jina mbadala, *Tornieria*, kwa heshima ya Gustav Tornier, mwanazuolojia wa Berlin.

Hapo ungedhani mambo yameisha. Wapi! Mwaka 1922 Werner Janensch, mtaalamu wa Berlin, alisema huyu *africanus* anafanana mno na *Barosaurus* wa Marekani, akamhamishia huko. Mwaka 1991 yule *robustus* akaonekana si ndugu wa mwenzake kabisa, akapewa jenasi yake mwenyewe, *Janenschia*. Mwaka 2006 Kristian Remes akachunguza upya mifupa ya *africanus*, akaona Barosaurus si kwao, akamrudishia *Tornieria*. Kwa hiyo mnyama mmoja amepitia jenasi tatu, akarudi kwenye ya pili, na muda wote huo sehemu ya nyuma ya jina lake ni ile ile ya 1908, ukiacha herufi za mwisho. Sasa anaandikwa *africana* kwa sababu sarufi ya Kilatini inalazimisha upatanisho na jenasi, jambo ambalo wanafunzi wako wanaosoma ngeli hawatashangaa nalo.

Sasa tuje kwa mjusi wako. Baada ya Fraas, Berlin ilituma msafara mkubwa uliochimba kuanzia 1909 hadi 1913. Ulianza na Janensch na Edwin Hennig, baadaye wakaja wengine, akiwemo Hans Reck. Vitabu vya zamani huishia hapo, kana kwamba madaktari watatu wanne ndio waliochimba zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe. Waliochimba walikuwa wafanyakazi wa Kiafrika, mia na kitu mwaka wa kwanza, kufikia takriban 500 mwishoni. Msimamizi wao mkuu na fundi wa kusafisha na kufunga mifupa alikuwa Boheti bin Amrani. Nitarudi kwake.

Waambie wanafunzi wako wautazame ufungaji wenyewe, kwa sababu ndipo kisukuku kinapookoka au kinapopotea. Mfupa wa miaka milioni 150 una nyufa kila mahali. Ukiuinua hivi hivi unamwagika. Mafundi wa Tendaguru waliuzungushia udongo na nyasi, kisha wakausukia koti la vijiti vya mianzi, limebana pande zote. Vipande vikafungwa mizigo ya kubebeka na mtu mmoja, vikaenda kichwani na mabegani mwa wapagazi mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi. Baadhi ya mafurushi hayo ya mianzi yalikaa Berlin miongo na miongo bila kufunguliwa, na mianzi iliyosukwa Tendaguru ilikuwa bado imeshika.

Kwenye mzigo huo Janensch alikuta mifupa ya mnyama mwenye miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Kwa dinosaria hao wa shingo ndefu ni kinyume cha kawaida, maana wengi wao nyuma ndiyo huwa juu. Mfupa wa mkono wa juu wa S II, ule wa kutoka begani hadi kiwikoni, una urefu wa sentimita 213. Simamisha mwanafunzi wako mrefu kuliko wote kando ya mfupa huo, hafikii ncha.

Duniani kote alikuwepo mnyama mmoja tu mwingine wa namna hiyo. Elmer Riggs alimchimba karibu na Grand Junction, Colorado, mwaka 1900, na mwaka 1903 akamwita *Brachiosaurus altithorax*. Mfupa wake wa mkono una sentimita 204, nao ncha imelika kidogo. Janensch akaweka vipimo kando kwa kando, na mwaka 1914 akatangaza kwamba wa Tendaguru ni *Brachiosaurus* vilevile, ila spishi nyingine. Kwanza alitangaza spishi mbili, *brancai* na *fraasi*, baadaye mwenyewe akakubali kwamba ni moja, akaifuta ya pili. Mimi simlaumu hata kidogo. Kwa mifupa iliyokuwepo duniani mwaka ule, hilo lilikuwa hitimisho la mtu makini.

Shida ilikuwa kwa mnyama wa Colorado. Riggs alipata pingili za mgongo, mbavu, sehemu ya nyonga, mfupa wa mkono, wa paja, na vichache vingine. Hakupata shingo. Hakupata kichwa. Tendaguru ilitoa shingo na fuvu. Basi kwa karibu karne nzima, kila mchoraji aliyetaka kuchora *Brachiosaurus* wa Marekani alikwenda kumtazama mnyama wa Lindi. Ile picha unayoijua, ya kichwa chenye nundu juu ya pua na shingo iliyonyooka kwenda juu, ni sura ya mjusi wako, imevikwa jina la Mmarekani. Jambo hili watu wa kwetu hulisema mara chache, nami naona linafaa kufundishwa kabla ya habari ya urefu na uzito.

Mwaka 1937 kiunzi kikasimamishwa Berlin. Baada ya kupangwa upya mwaka 2007 kina urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, na ndicho kirefu kuliko viunzi vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Lakini usimwambie mwanafunzi kwamba ni mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni S II, mkia ni wa mwingine, na mapengo yamejazwa kwa mifupa ya wenzake au plasta. Fuvu la juu kule ni la kuchonga. Fuvu halisi, ambalo nalo ni la mnyama mwingine, linaonyeshwa chini.

Shaka ya kwanza ya wazi ilitoka kwa Gregory Paul mwaka 1988. Aliangalia pingili za mgongo, siyo mikono iliyomvutia kila mtu, akaona za Tendaguru na za Colorado hazipatani. Akapendekeza *Giraffatitan*, ila kwa woga kidogo: aliliweka kama kijenasi ndani ya *Brachiosaurus*. George Olshevsky akalipandisha kuwa jenasi kamili mwaka 1991. Karibu hakuna aliyewafuata. Kisha mwaka 2009 Mike Taylor akafanya kazi ambayo nadhani ilipaswa kufanywa miaka mingi nyuma: alichukua kila mfupa ambao wanyama wote wawili wanao, akaulinganisha na mwenzake, mmoja baada ya mwingine. Akatoka na tofauti 26.

Tofauti nyingi ni za mgongoni. Kiwiliwili cha Mmarekani ni kirefu zaidi na kina kina kirefu zaidi, na mkia wake yumkini ulikuwa mrefu pia. Kwa makadirio ya Taylor, mnyama wa Colorado alikuwa na tani 28 na kitu, wa Tendaguru tani 23 na kitu. (Uzito wa mnyama aliyebaki mifupa ni hesabu yenye mikono mingi, usiutungie mtihani.) Tofauti kama hizo ni nyingi kuliko zinazotenganisha jenasi nyingine za dinosaria ambazo hakuna anayezibishia. Ndipo wengi wakahamia *Giraffatitan*.

Mwambie mwanafunzi yeyote mwenye simu atafute jina kamili linavyoandikwa kitaalamu. Ataona *Giraffatitan brancai* (Janensch, 1914). Kwa Mmarekani ataona *Brachiosaurus altithorax* Riggs, 1903, bila mabano. Mabano hayo si urembo. Yakizunguka jina la mtangazaji, maana yake ni kwamba spishi hii ilitangazwa kwanza chini ya jenasi nyingine kisha ikahamishwa. Kwa hiyo historia yote niliyokusimulia imehifadhiwa kwenye alama mbili za uandishi, na mwanafunzi anayezijua anaweza kutazama kibao cha makumbusho yoyote duniani na kujua mnyama gani amewahi kuhama.

Nani sasa mwenye mamlaka? Ipo Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, na zipo Kanuni zake, ambazo zinahesabu majina kuanzia chapa ya kumi ya kazi ya Linnaeus, mwaka 1758. Tume inasimamia majina, haisimamii ukweli wa wanyama. Haiwezi kukwambia kama wa Tendaguru ni jenasi ya peke yake. Hilo wanabishana wenye kusoma mifupa. Inachokwambia ni hiki: ukishaamua ni jenasi ya peke yake, jina ulilo na haki ya kutumia ni lipi.

Kanuni hizo zina ukali wa ajabu na wakati mwingine ulegevu wa ajabu. Mfano nyumbani hapo hapo Tendaguru ni yule dinosaria wa miiba mgongoni, *Kentrosaurus*, aliyetangazwa na Hennig mwaka 1915. Watu wakashtuka kwamba tangu 1904 yupo *Centrosaurus* wa Kanada, tena asili ya majina yote mawili ni moja. Hennig mwenyewe akaingiwa na wasiwasi, mwaka 1916 akatoa jina mbadala, *Kentrurosaurus*. Mwaka ule ule Franz Nopcsa naye akatoa la kwake, *Doryphorosaurus*. Kazi bure yote mawili. Kwa jenasi, tofauti ya herufi moja inatosha: K si C, basi majina ni mawili. Mnyama akabaki *Kentrosaurus*, na majina mawili ya ziada yanaelea kwenye orodha bila mwenyewe.

Sasa swali la yule binti, ambalo kwangu ndilo zito.

Branca, ambaye jina lake ndilo limo kwenye *brancai*, alikuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin wakati wa msafara, mtu aliyehangaikia fedha. Ukipitia majina ya Tendaguru ya wakati ule unaona nani alihesabika kuwa mtu. *Dicraeosaurus hansemanni* na *Elaphrosaurus bambergi* wamepewa majina ya waliotoa na kuchangisha pesa, Hansemann na Bamberg. *Dicraeosaurus sattleri* ni yule mhandisi. Kisha yupo *Dysalotosaurus lettowvorbecki*, aliyetangazwa mwaka 1919 kwa heshima ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia hapa kwetu, vita ambayo wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu. Mnyama mpole wa majani, mwenye mbio, kabebeshwa hilo. Kwenye orodha yote ya miaka ile, hakuna mchimbaji hata mmoja.

Je, majina hayo yanaweza kufutwa? Hapana. Kanuni haziruhusu jina halali kubadilishwa kwa sababu linaudhi au kwa sababu aliyetajwa hafai. Tume imeombwa ilegeze, ikakataa, na hoja yake ni kwamba ikianza kupima nani anafaa haitamaliza, na majina yatakosa utulivu. Wapo wataalamu wenzangu wanaoona msimamo huo ni wa kujificha. Mimi niko katikati: naona hasara ya kuvuruga majina ni ya kweli, lakini sipendi kusikia ikisemwa na watu ambao majina ya babu zao yamejaa kwenye orodha. Hata mifupa ya Berlin ikirudishwa kesho Lindi, jambo ambalo limezungumzwa hadi bungeni kwetu, jina halitabadilika. S II itakuwa na anwani mpya tu. Ingawa anwani nayo ina uzito wake: mtafiti wa Kitanzania anayetaka kuthibitisha kama mfupa alioupata Lindi ni *brancai* au ni kitu kipya, leo inambidi apande ndege kwenda Berlin.

Lakini kuna mlango mwingine, na umeshafunguliwa. Mifupa iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 bado inatoa spishi mpya, kwa kuwa vingi vilirundikwa chini ya majina yasiyo yao. Mwaka 2007 Remes alichukua pingili mbili za shingo kutoka kwenye mkusanyo wa zamani, akatangaza *Australodocus bohetii*. Ndiyo, huyo ni Boheti bin Amrani. Baadaye wengine wamesema mnyama huyo si wa kundi ambalo Remes alimweka. Haidhuru. Akihamishwa kundi mara kumi, *bohetii* inakwenda naye, kwa kanuni ile ile inayolilinda *brancai*.

Mwaka 2019 ukaja mwingine. Palikuwa na mkia, pingili takriban 30, ambao tangu wakati wa Janensch ulihesabiwa kuwa wa *robustus*, kisha ukafuata mkumbo kwenda *Janenschia*. Tatizo ni kwamba kielelezo cha *robustus*, kile alichochukua Fraas, hakina mkia wa kulinganisha. Philip Mannion na wenzake wakauliza swali jepesi: tunajuaje basi kwamba ni wa mnyama mmoja? Walipousoma mkia wenyewe, ukaelekea kwa jamaa wa dinosaria wa China badala ya jirani zake wa Tendaguru. Wakautangaza *Wamweracaudia keranjei*. Jenasi inawataja Wamwera, wenyeji wa eneo hilo, na spishi inamtaja Mohammadi Keranje, msimamizi wa uchimbaji wa mkia huo. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja, lakini sasa majina hayo yana ulinzi sawa na la Lettow-Vorbeck.

Majina ya Kiswahili nayo yapo, tena yanaongezeka. *Asilisaurus kongwe*, ndugu wa mbali wa dinosaria kutoka bonde la Ruhuhu, alitangazwa mwaka 2010. *Shingopana songwensis* wa Songwe mwaka 2017, *Mnyamawamtuka moyowamkia* wa bonde la Rukwa mwaka 2019, na *Mambawakale ruhuhu* mwaka 2022. Kilatini si lazima. Kinachotakiwa ni herufi za Kilatini na jina linalotamkika. Mpe binti orodha hiyo aisome darasani kwa sauti.

Huyo Mambawakale ana funzo la kazi ndani yake. Kisukuku chake kilichimbwa mwaka 1963, kikakaa bila jina rasmi karibu miaka 60. *Nyasasaurus parringtoni*, ambaye huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote au jirani yao wa karibu, mifupa yake iliokotwa kusini mwa Tanzania miaka ya 1930. Alan Charig aliliandika jina hilo kwenye tasnifu yake ya Cambridge katika miaka ya 1950, lakini tasnifu haikuhesabika kuwa ni kutangaza. Jina likabaki tupu hadi lilipochapishwa na wengine, pamoja na maelezo kamili, mwaka 2013.

Hapo ndipo jibu la sehemu ya mwisho. Kuokota hakumpi mtu haki ya kutoa jina, na kutamka jina hakulifanyi liwepo. Anayetangaza spishi lazima achapishe maelezo yanayoonyesha mnyama huyu anatofautiana vipi na waliokwisha kujulikana, ataje kielelezo na namba yake, na aseme kimehifadhiwa wapi. Tangu 2012 anaweza kuchapisha mtandaoni pekee, ikiwa jina limesajiliwa kwenye rejesta ya Tume iitwayo ZooBank. Hakuna kipengele kinachotaka shahada, uraia wala umri. Mwanafunzi wako akifika huko, jina lake litakuwa halali kama la Janensch.

Kwa Tanzania kuna sheria pia. Visukuku vya wanyama vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimba bila kibali ni kosa, hata shambani kwako. Kwa hiyo mkienda matembezi na mtu akaona mfupa wa jiwe umechomoza kwenye korongo, auache hapo hapo. Apige picha ya karibu ameweka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, nyingine ya mbali inayoonyesha korongo lote na tabaka la udongo mfupa ulipo, na aandike mahali kwa alama za ramani ya simu. Tabaka lina thamani sawa na mfupa wenyewe. Mfupa ulioletwa darasani ndani ya mfuko wa rambo hausemi tena umri wake. Kisha wewe, Mwalimu, upeleke taarifa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa kwa barua, na nakala ubaki nayo. Kwenye barua mtaje kwa jina mwanafunzi aliyeuona.

Na ubaoni, *Giraffatitan* kwa herufi kubwa mwanzoni, *brancai* kwa herufi ndogo, yote mawili yapigiwe mstari chini kwa kuwa chaki haiwezi kuandika italiki. Anayeandika Brancai kwa B kubwa mkate alama.